Je, Pikapu Ililipa? Hesabu ya Nyumba Moja ya Gayaza, 1976–2023

Januari 2023 baba alituita sebuleni, nyumbani kwetu Gayaza, kaskazini mwa Kampala, akasema anataka kuuza pikapu. Nilikuwa nadaiwa karo ya muhula mzima na nilijua kwamba jambo hilo linanihusu. Ssenga, yaani shangazi yetu, alipinga kabla baba hajamaliza kusema. "Ukiliuza, siku ya msiba tutabebwa na nani?" Baba hakumjibu. Alinigeukia mimi akasema, nusu kwa mzaha, "Wewe unayesoma historia, tuambie basi kama gari hili limewahi kutulipa."

Insha hii ni jibu langu. Vyanzo vyangu ni viwili. Cha kwanza ni madaftari ya baba, ambamo tangu alipoinunua Hilux yake mwaka 1998 ameandika kila safari: tarehe, mzigo, mahali, na fedha iliyoingia, au mstari mtupu kama haikuingia. Cha pili ni jjajja, baba yake baba, mzee wa miaka 83 aliyekuwa na Peugeot 404 kabla baba hajajua kuendesha. Nilikaa naye siku tatu. Mengi alinieleza kwa Kiganda na nimeyatafsiri, lakini kila alipofika kwenye habari za askari alihamia Kiswahili bila kujitambua.

Swali la nani anamiliki gari la mizigo ni la zamani hapa Buganda kuliko pikapu yenyewe. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini Kampala ilisubiri hadi 1931. Pamba ilikuwa imeshakuwa zao kuu kwa miaka mingi, na mkulima asiye na chombo cha kuibeba aliuza kwa bei aliyotajiwa na yule aliyekuja nacho. Madereva Waafrika walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuunda chama cha wafanyakazi nchini, mwishoni mwa miaka ya 1930, na katika ghasia za 1949 moja ya madai lilikuwa wakulima wenyewe wapate haki ya kuchambua na kuuza pamba yao. Jjajja alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Anachokumbuka ni baba yake akikaa juu ya magunia kando ya barabara, akisubiri lori la mtu mwingine.

Naamini kumbukumbu hiyo ndiyo iliyonunua Peugeot ile. Mwaka 1975 baridi kali iliharibu mikahawa ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikapanda hadi kilele cha 1977. Uganda ilikuwa na kahawa tele, lakini mkulima alitakiwa kuiuza kwa bodi moja ya serikali, kwa bei ya serikali, na fedha yenyewe ilichelewa. Waasia walikuwa wamefukuzwa mwaka 1972 kwa agizo la siku tisini, na maduka yao yakagawiwa watu ambao raia waliwaita "mafuta mingi". (Walimu wetu wa sarufi wangesahihisha: mafuta mengi. Kosa hilo limebaki katika Kiganda hadi leo, na kwangu ni ushahidi wa kihistoria kama ulivyo mhuri wa posta.) Bidhaa zilitoweka madukani na magendo yakawa ndiyo biashara. Kahawa ilivushwa Kenya kupitia masoko ya mpakani kama Chepkube, nayo sabuni, chumvi na sukari zikarudi kwa njia ile ile.

Jjajja alinunua 404 mwaka 1976, mkuukuu, kutoka kwa mwalimu aliyekuwa akihama. Nilimwuliza kama iliwahi kubeba kahawa ya magendo. Akasema barabara ya Jinja ilikuwa mbaya sana siku zile. Nilirudia swali. Akaniomba nimwongezee chai.

Kwa miaka ile, hesabu ya mafuta na tairi isingemsaidia mtu kujua kama pikapu inalipa. Petroli ilipatikana kwa kujuana. Spea zilikuwa shida kubwa. Anasema aliwahi kuendesha miezi minne akitumia kipande cha mpira wa ndara mahali ambapo palipaswa kuwa na kifaa cha Ufaransa. Lakini mwenye gari alikuwa na uwezo wa kwenda mahali chumvi ilipo. Asiye nalo alisubiri chumvi imfikie, kwa bei ya mara tano.

Upande wa pili wa hesabu ni hatari. Aprili 1979 jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliiteka Kampala. Askari wa Amin waliokuwa wakikimbia walichukua gari lolote linalowaka. Jjajja alisikia habari hizo mapema. Alifungua magurudumu yote manne akayazika kwenye shamba la migomba, betri akaificha ghalani chini ya maharage, na Peugeot ikabaki juu ya mawe kama gari lililokufa miaka mingi. Askari walipofika walilitazama, wakalipiga teke, wakaenda kwa jirani. Gari la jirani halikurudi.

Kisha ikaja miaka ya mwanzo ya 1980 na maneno mawili ambayo kila mzee wa Kampala anayajua: panda gari. Kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili ni amri nyepesi tu, ambayo kondakta wa Dar es Salaam humwambia abiria wake kila asubuhi. Katika utawala wa pili wa Obote lilikuwa jina la msako. Askari waliuzingira mtaa alfajiri, wakawakusanya watu, wakawapandisha kwenye malori na kuwapeleka kambini kuchujwa. Wengine walirudi jioni. Wengine hawakurudi kabisa. Jjajja alipoyatamka maneno hayo alishusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu chini ya mwembe. Tunapojiuliza kwa nini watu wengi wa Buganda walikipinga Kiswahili kwa muda mrefu, hata baada ya katiba yetu kurekebishwa mwaka 2005 ili kiwe lugha rasmi ya pili, tusianzie kwenye sera ya lugha. Tuanzie nyuma ya lori. Hata leo mtoto wa Kampala akisikia neno kabangali huwaza kwanza pikapu ya polisi, si gari la kubebea matooke.

Siku hizo jjajja aliliendesha gari lake kidogo sana. Mbona basi hakuliuza? Jibu lake lilinishangaza kwa sababu halikuhusu usafiri hata kidogo. Alisema: "Ningeliuza ningepata nini? Karatasi." Mfumuko wa bei wa miaka ya 1980 ulipita asilimia 100 kwa mwaka. Mei 1987 serikali ya Museveni ilibadilisha fedha: sifuri mbili zilikatwa kwenye shilingi, na juu ya hapo ikatozwa kodi ya asilimia 30 katika kubadilisha. Rafiki yake aliyekuwa ameuza lori na kuweka fedha taslimu alipoteza karibu theluthi ya mali yake kwenye dirisha la benki. Peugeot ya jjajja, iliyokuwa haina breki za kuaminika, haikukatwa kitu. Mwaka 1988 aliibadilisha kwa ekari moja na nusu ya ardhi, ile ambayo nyumba yetu imesimama juu yake sasa.

Kwa hiyo baba alipoinunua Hilux yake kutoka bondi moja ya mjini, mwaka 1998, hakuwa akinunua gari tu. Alikuwa akinunua jambo alilofundishwa na baba yake: kwamba mambo yakiharibika, mwenye pikapu hazami.

Tatizo ni kwamba mambo hayakuharibika kwa namna ile. Fungua daftari la 2001. Safari 214. Kati ya hizo 88 zililipiwa: mchanga, mabati, matooke kwenda Kalerwe, vitanda vya wanafunzi wa bweni. Safari 52 zilikuwa za nyumbani kwetu. Zilizobaki, 74, zina mstari mtupu: mazishi 29, wagonjwa 11, harusi na kwanjula 12, watu waliohama nyumba 16, na 6 ambazo baba ameandika "mengineyo" tu. Hata hivyo mwaka ule gari lilijilipia, na kidogo kikabaki.

Sasa fungua la 2022. Safari 58. Zilizolipiwa ni saba. Mizigo midogo ilikuwa imehamia kwenye bodaboda na tukutuku, zile za magurudumu matatu zinazopenya hadi mlangoni. Mizigo mikubwa ilibebwa na Fuso. Pikapu ilibaki katikati, na hapo katikati hapakuwa tena na wateja. Safari za nyumbani zilikuwa 17, na za bure 34. Mazishi hayana tukutuku. Petroli mwaka huo ilipita shilingi 6,000 kwa lita, na dizeli ya Hilux yetu nayo ilipanda.

Nilijumlisha dizeli, tairi, bima, fundi na gia boksi iliyofia njiani: shilingi 6,840,000. Safari saba za kulipiwa, kila moja shilingi 90,000, zilileta 630,000. Hasara 6,210,000. Tungekodi pikapu kwa safari zetu 17 tungetumia 1,530,000. Hapo nilisita, kwa sababu niliisikia sauti ya ssenga. Nikaongeza na zile 34 za watu wengine, kana kwamba sisi ndio tungewakodia kila marehemu na kila mgonjwa: safari 51, shilingi 4,590,000. Bado kumiliki kulituzidishia gharama kwa 1,620,000.

Kama ningeishia hapo, insha ingekuwa fupi na baba angeliuza siku ile ile. Lakini kuna kurasa za 2020 ambazo lazima nizitaje. Machi mwaka huo, corona ilipoingia, usafiri wa umma ulisimamishwa, na siku chache baadaye magari binafsi nayo. Magari ya mizigo yaliruhusiwa kuendelea, pikapu zikiwemo. Wachuuzi wa sokoni waliambiwa walale humo humo sokoni. Ipsum za majirani zilikaa uani zikiota vumbi, na baba alipita mbele yao kila alfajiri na matooke. Kuanzia Aprili hadi Juni kuna safari 131, na karibu zote zina fedha. Mama wa jirani alipopata uchungu usiku, baba alimlaza mbele, akafunga turubai nyuma juu ya mikungu ya ndizi, na kizuizini akasema anapeleka chakula. Kwenye daftari ameandika: "Matooke. Hospitali." Mstari mtupu.

Miezi mitatu katika miaka mitano. Jjajja angesema hiyo ndiyo sababu ya kuwa na pikapu. Mimi nasema familia yenye mtoto anayefukuzwa mtihani kwa kukosa karo haiwezi kulisha gari miaka mitano ili lije kuokoa miezi mitatu, na kwamba jjajja mwenyewe aliligeuza lake kuwa ardhi mara tu alipopata nafasi. Niliyasoma haya mbele ya familia mwezi wa Machi, tarakimu zote. Ssenga alisikiliza hadi mwisho, akauliza mazishi nimeyaweka kwa bei gani. Nikasema 90,000. Akasema, "Hata la mama yako mdogo?" Sikuwa na la kujibu, na sijalipata hadi sasa.

Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa matooke wa Kalerwe. Alizunguka gari mara mbili, akalipa, akaondoka nalo kabla ya mvua. Baba alikuwa ametoa kamba na turubai, akaviweka chini ya kitanda chake. Karo yangu ililipwa wiki ile.

Septemba jirani yetu mmoja alifariki, na mazishi yalikuwa kijijini kwao, mbali. Watu walichanga wakakodi pikapu. Baba alikwenda nao amekaa mbele, karibu na dereva kijana ambaye hakumjua, na waliporudi alilichukua daftari akaandika kwenye mstari uliofuata ule wa mwisho: "Mazishi. Gari la kukodi. 120,000."