Makaburi ya Kalisto na Wageni Wake

Kando ya Via Appia, barabara ambayo Warumi walianza kuijenga mwaka 312 KK, chini ya mashamba yaliyo kusini mwa kuta za Roma, yamo makaburi ya Kalisto. Ni mtandao wa vichochoro vya kiasi cha kilomita 20, vilivyochimbwa kwa ngazi nne, na baadhi yake viko zaidi ya mita 20 chini ya ardhi. Katakombu, yaani makaburi ya chini ya ardhi kama haya, zinazojulikana kuuzunguka mji huo ni zaidi ya 60, lakini hapa ndipo historia ya Kanisa la Roma ilipojikusanya kwa wingi zaidi. Watalii wanaoteremka leo wanafuata desturi kongwe: mahali hapa palianza kutengenezwa kwa ajili ya wageni katika karne ya 4.

Sheria ya Roma ilikataza kuzika ndani ya mji, kwa hiyo wafu wote, matajiri kwa maskini, walizikwa kando ya barabara kuu nje ya kuta. Ardhi ilikuwa ghali na Wakristo, ambao hawakupenda kuchoma maiti, walikuwa wakiongezeka. Mwamba wa eneo hilo ukawapa njia. Tufo, jiwe la volkano, hukatika kwa urahisi kwa sururu na huwa gumu zaidi likishapigwa na hewa, hivyo kichochoro kiliweza kusimama bila nguzo. Wachimbaji walipoishiwa na nafasi ukutani, mara nyingi walishusha sakafu na kuendelea kuzika chini zaidi. Ndiyo maana katika vichochoro vingi makaburi ya juu, yasiyofikiwa kwa mkono, ndiyo ya zamani zaidi.

Makaburi yenyewe yalikuwa ya kawaida kabisa. Maiti iliviringishwa sanda na kulazwa katika uwazi mwembamba uliochongwa ubavuni mwa mwamba, karibu kama mwanandani wa kaburi la Kiislamu, kisha uwazi ukazibwa kwa bamba la marumaru au matofali na chokaa. Familia zenye uwezo zilichongewa vyumba vyao, vikapakwa picha: Mchungaji Mwema akiwa na kondoo mabegani, Yona akitapikwa na samaki, Daudi na kombeo lake, mkate na samaki wa karamu. Wenye kipato kidogo waliandikiwa jina na siku ya kufa. Wengi hawakupata hata hilo. Jamaa zao walibandika kitu kwenye chokaa ikiwa bado mbichi, sarafu, kombe la baharini au kipande cha kioo, ili siku ya kurudi walijue kaburi lao kati ya mengine mamia yanayofanana nalo. Na katika kila kichochoro kuna nafasi fupi nyingi zisizozidi urefu wa mkono. Hizo ni za watoto wachanga, na ndizo zinazoeleza maisha ya Roma ya wakati ule kuliko maandishi mengi.

Kalisto, aliyeyapa makaburi jina lake, hakuzikwa humo. Alikuwa mtumwa ambaye, kwa masimulizi yaliyopo, alipoteza fedha za watu alizokabidhiwa na akapelekwa kufanya kazi ngumu migodini Sardinia. Masimulizi hayo yaliandikwa na Hipoliti, mpinzani wake mkubwa, na yafaa yasomwe kwa tahadhari. Kinachokubalika ni kwamba mnamo mwaka 199 Papa Zefirini alimkabidhi, akiwa shemasi, usimamizi wa makaburi ya Kanisa, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa papa kuanzia 217 hadi 222. Alizikwa upande mwingine wa mji, kando ya Via Aurelia.

Baada yake, mapapa kadhaa wa karne ya 3 walizikwa katika chumba kimoja cha makaburi aliyoyasimamia. Majina ya watano yamebaki kwenye mabamba kwa herufi za Kigiriki: Ponsiani, Anteri, Fabiani, Lusio na Eutikiani. Fabiani aliuawa mwaka 250 katika dhuluma ya Kaisari Decius. Papa Sisto II alikamatwa na kuuawa makaburini pamoja na mashemasi tarehe 6 Agosti 258, baada ya Kaisari Valerian kuwapiga marufuku Wakristo kuingia makaburini mwao. Habari hiyo imetufikia kupitia barua ya Mwafrika, Sipriano, askofu wa Karthago katika Tunisia ya leo, aliyekatwa kichwa tarehe 14 Septemba mwaka huohuo. Wakatoliki wanaosali kwa Kiswahili huwasikia Sisto na Sipriano, pamoja na Papa Kornelio na shahidi Sesilia ambao nao walizikwa hapa, wakitajwa katika Sala ya Ekaristi ya kwanza.

Marufuku ya Valerian yanaonyesha pia udhaifu wa hadithi ambayo filamu na riwaya zimeieneza, kwamba Wakristo waliishi mafichoni humo. Serikali iliyajua makaburi hayo vizuri. Watu waliingia kuzika, kuwakumbuka wafu wao na kula karamu ya kumbukumbu, kisha wakarudi majumbani kwao mjini.

Dhuluma zilipokwisha, makaburi ya mashahidi yakageuka mahali pa hija. Papa Damaso I, aliyeongoza kuanzia 366 hadi 384, ndiye aliyeyatengenezea wageni njia: alipanua ngazi, akafungua mashimo ya mwanga, akaweka mabamba ya mashairi aliyoyatunga mwenyewe na yaliyochongwa na Filocalus kwa herufi nzuri ambazo wataalamu huzitambua papo hapo. Katika karne hiyohiyo Jeromu, akiwa mwanafunzi Roma, alikuwa akishuka katakombuni siku za Jumapili pamoja na wenzake, na baadaye akaandika juu ya giza lake zito. Kwenye mlango wa chumba cha mapapa yapo bado majina na maombi ambayo mahujaji waliyakwaruza ukutani kwa ncha ya chuma. Leo ingekuwa kosa. Kwa mwanahistoria ni hazina.

Maziko yalikoma mapema katika karne ya 5, lakini hija iliendelea. Karne ya 7 ilikuwa na vitabu vya mwongozo vilivyomweleza hujaji barabara kwa barabara nani amelazwa wapi. Kisha mashamba ya nje ya kuta yakawa hatari kwa sababu ya vita, na mapapa wakaanza kuhamishia masalia makanisani mjini. Papa Paskali I alihamisha ya shahidi Sesilia mwaka 821. Katika nafasi yake makaburini sasa kuna nakala ya sanamu ya Stefano Maderno: msichana amelala ubavu, kichwa kimefunikwa kitambaa, shingoni ana alama ya upanga.

Makaburi yasiyo na masalia hayakuwa na mahujaji. Milango ilifukiwa na udongo, na kwa karne nyingi karibu kila kitu kilisahauliwa. Mwaka 1578 wachimbaji kwenye Via Salaria walipotumbukia katika katakombu nyingine, hamu ikaamka upya. Mtafiti Antonio Bosio alitumia maisha yake kutafuta katakombu, na kitabu chake kikubwa kilitoka baada ya kifo chake mwaka 1629. Lakini hamu hiyo ilileta pia uharibifu mbaya: mifupa ya watu wasiojulikana ilitolewa na kupelekwa makanisani kote Ulaya kana kwamba kila aliyezikwa humo alikuwa shahidi.

Aliyeipa kazi ya kuzichunguza katakombu nidhamu ni mwanaakiolojia Giovanni Battista de Rossi. Mwaka 1849, katika shamba la mizabibu kando ya Via Appia, alikuta kipande cha marumaru chenye mwisho wa jina, NELIUS, na neno shahidi. Vile vitabu vya mwongozo vya karne ya 7 vilisema Papa Kornelio (Cornelius) alizikwa karibu na makaburi ya Kalisto, na de Rossi akaamini yuko juu ya makaburi yenyewe. Alimshawishi Papa Pius IX anunue shamba hilo. Mwaka 1852 alifikia kaburi la Kornelio na kukuta sehemu iliyokosekana ya jina lake. Ukutani kando yake amechorwa Kornelio, na pamoja naye Sipriano wa Karthago. Mwaka 1854 de Rossi alifungua chumba cha mapapa, na mabamba yao yaliyovunjikavunjika yakaunganishwa kipande kwa kipande.

Mkataba wa Laterano wa 1929 uliweka katakombu za Kikristo chini ya Vatikani, na tangu 1930 watawa Wasalesiani ndio wanaowapokea wageni katika makaburi ya Kalisto. Hakuna anayeingia peke yake: kundi huongozwa kwa lugha yake kwa muda usiofika saa moja, kupiga picha hairuhusiwi, na hata wakati wa kiangazi kikali sweta inahitajika, kwani joto chini halizidi sana nyuzi 15. Jumatano pamefungwa. Mgeni huonyeshwa chumba cha mapapa, kaburi la Sesilia na vyumba vyenye picha za ubatizo na karamu za mwanzoni mwa karne ya 3. Vichochoro vingine vinabaki kufungwa, kwa sababu mwanga wa taa na unyevu wa pumzi za watu huotesha kuvu juu ya picha za ukutani, na wanaoviingia ni watafiti wenye kibali cha Tume ya Kipapa ya Akiolojia Takatifu, iliyoundwa mwaka 1852.