Sinki Jeusi Likipauka Usilitupe: Stori Yake Ilianzia Ujerumani Mwaka 1979

Siku lilipofungwa lilikuwa jeusi tii, hadi wageni wakalipiga picha. Miezi michache baadaye limepauka, lina ukungu mweupe kama limemwagiwa majivu, na mwenye jiko ameshika stili waya analisugua kwa hasira. Likiwa na maji, jeusi. Likikauka tu, weupe huo umerudi. Mwisho anakata tamaa na kusema ameuziwa feki.

Huenda hajauziwa feki. Kilichomponza ni jina. Dukani sinki hili linaitwa "la graniti", na mtu akisikia jiwe, analitendea kama jiwe. Kumbe ni jiwe nusunusu, na ukijua lilivyozaliwa utajua pia namna ya kuishi nalo.

Turudi nyuma kidogo. Katika nyumba za matajiri wa Uingereza ya zamani, vyombo vya thamani havikuoshewa kwenye sinki gumu. Vilikuwa na sinki lao la mbao, ndani limefunikwa kwa risasi, ile metali laini. Sababu ni nyepesi: kikombe cha kaure kikigonga kitu kigumu, kwisha habari yake. Yaani tangu zamani sinki limekuwa suala la maridhiano. Ukipata ugumu, unapoteza upole.

Mwaka 1913, mjini Sheffield, mtaalamu mmoja wa vyuma alikuwa anahangaika na mitutu ya bunduki iliyokuwa ikilika upesi kwa ndani. Alichoishia kupata ni chuma kisichoshika kutu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuma hicho kikateka majiko: chepesi, hakivunjiki, ni rahisi kuosha. Lakini kina kelele, na rangi yake ni ile ile kila nyumba.

Huko Ujerumani nako, wakemia wa Darmstadt walikuwa wamekwisha kuingiza sokoni plastiki ya akriliki mwaka 1933, ile inayopitisha mwanga kama kioo. Vitu hivi viwili, mawe na akriliki, vikakutana mwaka 1979 katika mji mdogo wa Regen, jimbo la Bavaria. Kiwanda kimoja pale kilichanganya chembe za kwatzi na resini ya akriliki, kikamimina mchanganyiko kwenye kalibu, kikaugandisha. Sinki la kwanza la aina hiyo likawa limezaliwa. Leo masinki mengi ya familia hii huwa na takriban asilimia 80 ya chembe za mawe. Zinazobaki, karibu asilimia 20, ni resini na rangi.

Hiyo 20 ndiyo yenye stori yote.

Kwatzi yenyewe haina mchezo. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kilichoanza kutumika mwaka 1812, inapata 7 kati ya 10, inaushinda hata wembe wa kisu cha kawaida. Ndiyo maana ile mistari ya kijivu inayoachwa na sufuria za alumini mara nyingi si mikwaruzo. Sufuria ndiyo iliyochubuka! Jiwe limeila, na unga wake umebaki juu ya sinki. Krimu laini ya kusafishia na sponji yenye unyevu, ukisugua taratibu kwa mzunguko, huuondoa.

Na ule weupe? Huo ni chokaa. Maji magumu, hasa ya visima vingi vya mjini, yana kalsiamu iliyoyeyuka. Tone likikauka, maji yanaondoka, kalsiamu inabaki. Kwenye sinki jeupe hakuna anayeona. Kwenye jeusi, kila tone linaacha ushahidi. Siku ya kwanza ni ukungu tu. Baada ya miezi ni ukoko, na ukoko huo unanyonya rangi ya chai, manjano na mafuta. Basi mtu anadhani sinki limekufa, wakati limevaa koti tu.

Koti hilo halivuliwi kwa nguvu. Chokaa huyeyushwa na asidi hafifu. Osha kwanza kwa sabuni ya vyombo kutoa mafuta. Changanya siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kilaze juu ya weupe kwa dakika kumi hivi, kisha sugua kwa sponji laini na usuuze vizuri. Ukoko mzito utataka kurudiwa. Stili waya liache: linaweza kuchubua uso, na vipande vyake vikibaki hushika kutu.

Hapa pana jambo la kutochezea. Wapo wanaomwaga jiki halafu siki juu yake ili kazi iende haraka. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, sumu inayoshambulia mapafu, na majiko mengi ya mjini yana dirisha dogo au hayana kabisa. Jiki kali pia linaweza kufubaza sinki jeusi. Hakuna sinki lenye thamani ya pumzi ya mtu.

Vipi ile mbinu ya kupaka mafuta? Inafanya kazi, lakini ni vipodozi. Mafuta kidogo ya watoto, yakifutwa vizuri, hurudisha weusi kwa siku chache. Yakipakwa juu ya chokaa, yanaificha tu. Mafuta ya kupikia yaache, huchacha na kunata.

Ulinzi wa kweli ni wa bure kabisa: baada ya kuosha vyombo, suuza sinki na ulikaushe kwa kitambaa. Nusu dakika. Tone lisilokauka lenyewe haliachi chokaa. Na sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi iweke kwanza juu ya kishikio au ubao, kwa sababu moto na mshtuko wa baridi unaofuata humpata yule mnyonge, resini.

Wale wa Regen hawakutengeneza jiwe lisilotaka kutunzwa. Walitengeneza ndoa ya jiwe na plastiki, na ndoa hiyo haidumishwi kwa kusuguana.