Usukani wa trekta la kale la London: namna ya kuulainisha bila kuuharibu



Katika mji huu wa London zilikuwako kazi mbili za matrekta ambazo vijana wengi hawana habari nazo. Upande wa mashariki, Dagenham, kando ya mto Thames, kampuni ya Ford iliunda matrekta ya Fordson tangu mwaka 1933 hadi 1964, ndipo kazi ikahamia Basildon. Upande wa magharibi, Hounslow, ilikuwako Roadless Traction, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1919 na Philip Johnson, mwanajeshi aliyekuwa mtaalamu wa vifaru. Mwaka 1956 Roadless ilianza kuuza Fordson Major lililotiwa ekseli ya mbele yenye kusukuma, likawa trekta la kuvutwa na magurudumu yote manne. Ekseli za mwanzo zilitoka katika malori ya kijeshi ya GMC yaliyobaki baada ya vita, kwa mpango wa kampuni ya Selene ya Italia.

Matrekta haya bado yapo, na wako jamaa zetu wanaoyanunua, wengine kwa mapenzi ya vitu vya kale, wengine kwa nia ya kuyapeleka shambani, Afrika Mashariki au Oman. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: usukani ni mzito, je, tuufunge wa haidroli? Mimi nilikuwa karani, si fundi. Lakini nimeandika orodha za vipuri miaka mingi na kuwasikiliza mafundi, nami naeleza niliyoyathibitisha.

Kwa nini ni mzito

Fordson Major la kawaida lina uzito unaozidi tani mbili, na magurudumu yake ya mbele ni membamba. Likitiwa ekseli ya kusukuma, mbele huongezeka uzito na tairi huwa pana, lakini mikono ya dereva ni ileile. Tena, katika kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope tairi huteleza kidogo na mambo yakawa sawa. Juu ya lami haziwezi kuteleza, gia hujikaza, na usukani hushika kama uliofungwa kamba.

Tibu ugonjwa kwanza

Kabla ya kununua pampu, toa gia ya magurudumu ya mbele kila uingiapo barabara ngumu. Pima upepo wa tairi. Hakikisha tairi za mbele na za nyuma ni za vipimo vilivyokusudiwa na mtengenezaji, maana gia zilipangwa kwa vipimo hivyo. Kisha inua ekseli kwa jeki, tia vigingi imara chini yake, uzungushe usukani. Ukiwa mzito hata magurudumu yakiwa hewani, kasoro ni kingipini, beringi, tairodi endi au boksi la usukani. Haidroli haiponyi vitu hivyo; huvificha tu mpaka siku vitakapokatika.

Njia mbili

Njia ya kwanza ni msaada. Boksi la usukani na vyuma vyake hubaki, ila huongezwa silinda ya kusukuma ekseli, na valvu inayofunguka dereva anapovuta usukani. Pampu ikifa, usukani unakuwa mzito lakini trekta bado linakata kona.

Njia ya pili huondoa boksi kabisa. Chini ya usukani hufungwa kifaa kinachopima mafuta na kuyapeleka kwenye silinda kwa mipira miwili. Kifaa hiki kilienea tangu miaka ya 1960, nacho ni laini mno. Lakini hapana chuma kinachounganisha mkono wako na gurudumu. Mpira ukipasuka mteremkoni, unabaki umeshika duara lisilokuwa na kazi. Kwa trekta la kale litakalofanya kazi mbali na karakana, mimi nachagua njia ya kwanza.

Pampu na silinda

Katika baadhi ya matrekta ya zamani pampu ya kuinulia jembe husimama ukikanyaga klachi. Ukiutegemeza usukani kwenye pampu hiyo, msaada utakatika palepale unapokanyaga klachi ili uingie kona. Basi funga pampu ya pekee inayozungushwa na injini.

Silinda yenye fimbo upande mmoja hufanya mizunguko ya usukani isiwe sawa kulia na kushoto. Yenye fimbo pande zote mbili haina taabu hiyo. Vizuizi vya chuma vya ekseli ndivyo visimamishe magurudumu, si mwisho wa silinda, ili jointi za ndani zisikunjwe kupita kiasi. Na shinikizo lisizidi mahitaji. Silinda yenye nguvu nyingi hupinda tairodi, na dereva hahisi kitu mkononi.

Mipira iwe ya shinikizo kubwa, ipewe urefu wa kutosha magurudumu yakikatwa mpaka mwisho, isiguse tairi wala bomba la moshi. Jua la Ghuba hukausha mpira upesi, kwa hiyo ikaguliwe mara kwa mara. Wala usitafute palipovuja kwa kidole: uzi mwembamba wa mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi, na jeraha dogo kama la sindano laweza kumpotezea mtu mkono. Tumia kipande cha boksi la karatasi, na aliyechomwa apelekwe hospitali saa ileile, hata kama haumwi.

Weka kumbukumbu

Usitoboe wala kukata chuma cha asili kama pana nafasi ya kufunga kwa bolti. Vyuma vya zamani vipakwe grisi, vifungwe, viandikwe jina. Mjulishe mwenye bima kwamba usukani umebadilishwa. Kisha andika katika daftari tarehe, aina ya pampu, kipimo cha shinikizo na jina la fundi, na daftari hilo liende pamoja na trekta. Kijana atakayelirithi hatakuwa na wa kumuuliza, naye ndiye atakayeliendesha mteremkoni.