Kikohozi cha Baridi, Kikohozi cha Joto: Unguja na Madokta wa Jiangsu

Kohoa mara mbili tu Mji Mkongwe uone. Dawa inakuja kabla hujaiomba: tangawizi, asali, ndimu, habasoda, na karafuu kidogo juu yake. Kwa wazee wengi wa Unguja kikohozi ni baridi imeingia kifuani, na baridi inatolewa kwa kitu cha moto. Kumbe China wapo waliokuwa wanatibu kikohozi kwa kukipoza! Na mkoa walikotoka watu hao una udugu wa zamani sana na Zanzibar.

Turudi 1964. Mapinduzi yalifanyika Januari 12, na mwaka huohuo ikaingia timu ya madaktari kutoka mkoa wa Jiangsu, China. Kituo chao kikubwa Unguja kikawa hospitali ya Mnazi Mmoja, ile iliyowahi kuitwa V. I. Lenin. Mpaka leo ni Jiangsu hiyohiyo, timu ikiondoka nyingine inaingia, Unguja na Pemba. Majina yao ni wachache wanaoyakumbuka. Mtaani ni "dokta Mchina" tu, basi. Wengi wao ni madaktari wa hospitali kama wengine, wapasuaji na kadhalika, ila wapo waliokuja na zile sindano nyembamba za kuchoma mwilini.

Sasa hapa ndipo patamu. Jiangsu ndiyo kwao Ye Tianshi, tabibu wa mji wa Suzhou miaka ya 1700, aliyefundisha kwamba maradhi ya joto yanapiga mapafu kwanza. Wu Jutong, naye mtoto wa Jiangsu, akaandika kitabu mwaka 1798 chenye dawa ya kikohozi hicho kikiwa bado kichanga: majani ya mforosadi, maua ya krisanthemu, mnanaa, mizizi ya matete na kokwa za aprikoti. Vyote vinachemshwa, mgonjwa anakunywa.

Joto la mapafu wanalijuaje? Makohozi mazito ya njano, koo kavu, kiu. Makohozi yakiwa meupe na mepesi, mgonjwa anatetemeka, hiyo ni baridi, na hapo hata Mchina anachukua tangawizi. Kwa hiyo bibi wa Malindi hajakosea, ila tabibu wa Suzhou angemuuliza kwanza makohozi yana rangi gani. Tena bibi mwenyewe hesabu yake ya moto na baridi ina ukoo mrefu, ni tiba ya Kiyunani, ile ya akina Ibn Sina, iliyofika pwani na Waarabu.

Miaka ya 1990 biashara ilipofunguliwa, zikaja kliniki binafsi za Kichina, Dar na Zanzibar. Mambo ya kuchemsha majani yakapungua, vikaja vidonge ndani ya boksi. Ni rahisi, kweli, lakini mtu ananunua boksi lenye maandishi ya Kichina bila hata kuonyesha ulimi, wakati kwa tiba hiyo ulimi na mapigo ya mkono ndiyo vipimo vyenyewe. Na makohozi ya njano yanaweza kuwa kifua kikuu, ambacho hakiponi kwa mforosadi wala kwa habasoda. Ndiyo maana hospitalini, kikohozi kikifika wiki mbili, wanataka makohozi yapimwe, na dawa za kifua kikuu ni bure.

Kwenu je, cha mwisho kilikuwa cha baridi au cha joto?