Bustani za kukodi Uingereza: Kwa nini kazi ngumu ya kuchimba hufanywa wakati wa baridi?

Katikati ya Desemba, mchana wa London hudumu kwa chini ya saa nane. Wengi wanakimbilia kwenye joto la nyumba, lakini kwenye bustani za kukodi watu bado wanachimba.

Bustani hizi ni viwanja vidogo ambavyo halmashauri hukodisha kwa wakazi walime mboga na matunda ya familia. Sheria ya mwaka 1908 iliwapa mamlaka za mitaa wajibu wa kutoa viwanja pale wananchi wanapovihitaji. Kiwanja cha kawaida ni takriban mita za mraba 250, karibu sawa na uwanja wa tenisi.

Katika miji mingi foleni ya kupata kiwanja ni ya miaka. Ukikipata ukakiacha kiote magugu, unaweza kunyang'anywa. Ndiyo maana baridi sio likizo.

Jalidi nayo hulima

Udongo wa mfinyanzi ni mzito na hushikana kama matofali. Wakulima huuchimba kwa sepetu mwishoni mwa vuli au mwanzo wa baridi, kisha huacha mabonge makubwa juu bila kuyasawazisha.

Maji yaliyomo ndani yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Yanaganda, yanayeyuka, yanaganda tena, na bonge linapasuka lenyewe. Ikifika Machi, udongo umelainika tayari kwa mbegu.

Usichimbe udongo ukiwa hivi

Kipimo ni rahisi: kama tope linang'ang'ania viatu, rudi nyumbani. Kukanyaga udongo uliolowa hubana nafasi za hewa na maji, na mizizi itahangaika msimu mzima. Ukiwa umeganda kama jiwe, pia uache.

Ukilazimika kupita, weka ubao chini ili uzito wako usambae.

Kiwanja kipya kilichojaa magugu

Hapa ndipo kibarua kilipo. Baadhi ya nyasi zina mizizi inayotambaa chini, na kipande kidogo tu kikibaki huchipua upya. Tumia uma wa bustani badala ya sepetu, kwa sababu sepetu huikatakata na kuizidisha.

Usijaribu kumaliza kiwanja chote kwa wikendi moja. Chimba kipande, funika kinachobaki kwa maboksi au turubai lisilopitisha mwanga, halafu endelea taratibu. Inyooshe migongo kila baada ya muda, maana wengi huumia siku ya kwanza.

Je, lazima kuchimba?

Sio wote wanaokubali. Charles Dowding, mkulima wa Somerset anayelima bila kuchimba tangu miaka ya 1980, hutandaza mboji juu ya udongo na kuwaachia minyoo kazi. Njia hii huokoa mgongo, ila inahitaji mboji nyingi mwanzoni.

Kazi nyingine za msimu huu

• Panda vitunguu saumu kuanzia Oktoba. Vinahitaji wiki kadhaa za baridi ili vigawanyike punje.

• Vuna liki na kale, ndugu wa sukuma wiki, ambazo huvumilia baridi.

• Acha parsnip, mzizi mweupe unaofanana na karoti, ipigwe na jalidi kwanza. Wanga wake hugeuka sukari na ladha inakolea.

• Pogoa miti ya tufaha ikiwa imelala bila majani.

• Tandaza samadi iliyooza vizuri.

• Kuanzia mwishoni mwa Januari, panga mbegu za viazi ndani penye mwanga na ubaridi zichipue.

Kwa anayeanza, jambo kubwa ni kuchagua siku. Saa moja ya kuchimba udongo uliokauka kiasi ina faida kuliko siku nzima kwenye tope.