Gredi ya 7: Haya ndiyo mtoto wako anasoma mwezi huu, na alama zake zinahesabiwa

Juni imefika, muhula wa pili uko katikati, na mwanafunzi wa Gredi ya 7 anarudi nyumbani akiitisha limau, majivu na maua mekundu. Ukimuuliza ni za nini, anakujibu, "Ni za Sayansi, mwalimu amesema kesho."

Kabla hujamkatalia, jua hili: baadhi ya kazi anazofanya darasani mwaka huu zitaingia kwenye alama zinazompeleka sekondari ya juu. Hazingoji Gredi ya 9.

Sisi tuliopitia 8-4-4 tulizoea mtihani mmoja mwishoni, KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Sasa mambo ni tofauti. Hapa tunakueleza anachosoma na jinsi alama zinavyokusanywa.

Masomo ni 9

Sekondari msingi ilipoanza mwaka wa 2023, masomo yalikuwa mengi mno hadi wazazi na walimu wakalalamika. Mwaka wa 2024 yalipunguzwa hadi 9:

- Kiingereza
- Kiswahili (au Lugha ya Ishara ya Kenya)
- Hisabati
- Elimu ya Dini
- Elimu ya Jamii
- Sayansi Jumuishi
- Ufundi wa awali, ambao watoto wanauita Pre-Tech
- Kilimo
- Sanaa Bunifu na Michezo

Kila kipindi ni dakika 40. Walimu hawaendi kwa kasi moja, kwa hivyo usishtuke jirani akiwa mbele kidogo. Lakini mpangilio wa mada ni mmoja nchini kote, kwani unatoka kwa taasisi ya mitaala, KICD.

Hisabati: kutoka aljebra hadi vipimo

Muhula wa kwanza huwa ni wa namba: sehemu, desimali, vipeo vya pili na vipeuo vyake. Baadaye wanaingia aljebra, kisha vipimo.

Hapo kwenye vipimo ndipo wanakutana na kanuni ya Pythagoras. Ikimshinda, mpeleke kwa fundi wa ujenzi. Fundi akitaka kona ya nyumba iwe mraba, anapima futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, kisha anahakikisha mstari unaounganisha ncha hizo ni futi 5. Ukizidisha 3 kwa 3 na 4 kwa 4 kisha ukajumlisha, unapata 25, ambayo ni 5 mara 5. Hesabu ni hiyo tu.

Sayansi: limau lako lina kazi

Limau, siki na maziwa lala ni asidi. Maji ya majivu, sabuni na magadi ni besi. Wanafunzi wanajifunza kuzitofautisha kwa kutumia kiashiria, yaani kitu kinachobadilisha rangi kikikutana nazo. Shule isiyo na maabara, na ziko nyingi, inaweza kuponda maua mekundu ya hibiskasi na kutumia maji yake: kwenye asidi yanakuwa mekundu zaidi, kwenye besi yanageuka kijani. Unaona sasa kwa nini uliitishwa maua?

Baada ya hapo wanaingia kwenye mwili wa binadamu: uzazi, mzunguko wa hedhi, kisha figo na ngozi zinavyotoa taka mwilini. Mtoto wa miaka 12 au 13 akikuuliza kuhusu hedhi mezani, usimfokee. Ameyatoa darasani, na mvulana pia anafundishwa.

Masomo mengine kwa ufupi

Kiswahili: kusikiliza na kuzungumza, kusoma, kuandika na sarufi. Ngeli kama A-WA na KI-VI zinawatoa watoto jasho, hasa wanaoongea Sheng' nyumbani. Ongea naye Kiswahili hata dakika kumi kwa siku.

Elimu ya Jamii: asili ya binadamu, ramani, na ustaarabu wa kale kama Misri na Great Zimbabwe.

Kilimo: kuhifadhi maji ya mvua na udongo, kupanda miti, kupika, hata kutengeneza sabuni. Kazi nyingi hapa ni za mikono.

Alama zinakusanywa vipi?

Hapa ndipo wazazi wengi wanapotea. Matokeo ya mwisho ya sekondari msingi yanajumlishwa hivi:

- Asilimia 20: tathmini ya Gredi ya 6 (KPSEA)
- Asilimia 20: tathmini za shuleni (SBA) za Gredi ya 7 na 8
- Asilimia 60: mtihani wa Gredi ya 9 (KJSEA)

Maana yake, mtoto wa Gredi ya 7 tayari ana asilimia 20 kwenye mfuko, ziwe nzuri au mbaya, na sasa anatafuta nyingine.

Kazi za SBA zinatoka kwa baraza la mitihani, KNEC. Shule inazipakua mtandaoni, mwalimu anasimamia na kusahihisha, kisha alama zinarudishwa KNEC kwa mtandao. Mtoto akikosa siku hiyo na hakuna aliyefuatilia, pengo ni lake.

Hizo EE na ME ni nini?

- EE: amezidi matarajio
- ME: ametimiza matarajio
- AE: anakaribia matarajio
- BE: yuko chini ya matarajio

Kila moja imegawanywa mara mbili, kwa hivyo kuna viwango 8. EE1 ni pointi 8, BE2 ni pointi 1.

Pointi hizi si za kupamba ripoti. Gredi ya 9 wa kwanza walifanya KJSEA mwaka wa 2025 na kuingia Gredi ya 10 Januari 2026, kila mmoja kwenye mkondo mmoja kati ya mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Anayetaka uhandisi kisha akapuuza Hisabati na Sayansi kuanzia sasa, anajifungia mlango mapema.

Muulize mwalimu maswali haya manne

1. SBA za mwaka huu zinafanywa lini, na mtoto akiwa mgonjwa siku hiyo itakuwaje?
2. Alama zake zimeshapakiwa?
3. Nambari yake ya tathmini ni ile ile aliyopewa Gredi ya 3? Hili ni muhimu zaidi kama amehama shule.
4. Vifaa vya mradi vinaweza kupatikana nyumbani badala ya kununuliwa?

Swali la nne usiliogope. Mtaala wenyewe unahimiza vifaa vya mazingira ya mtoto: chupa iliyotumika, katoni, gunia, udongo. Ukiambiwa ununue kitu usichoweza, mwambie mwalimu mapema, usimfiche mtoto nyumbani siku ya kazi. Kukosa kifaa kunaweza kutatuliwa. Kukosa alama ni shida zaidi.

Na hayo majivu? Mpe. Si yako jikoni?