Mazuti ya mgodi na kibali cha mazingira: kile mkaaji wa Salamabila ana haki ya kuuliza

Mgodi wa Namoya uko karibu na Salamabila, katika teritwari ya Kabambare, kama kilometa 225 kusini-magharibi ya Bukavu. Dhahabu ya hapo ilijulikana tangu 1930, na makampuni ya wakati wa ukoloni yaliichimba mpaka 1961. Kisha kampuni ya Banro kutoka Kanada ilijenga mgodi mupya ndani ya eneo la kilometa za mraba 174, na tangu Januari 2016 kampuni ilihesabu kwamba uzalishaji wa biashara umeanza. Kuhusu dhahabu, kila mtu ana neno la kusema, kuanzia soko mpaka kanisa na msikiti. Mazuti inazungumzwa kidogo sana, na wakati mgodi haupati umeme wa maporomoko ya maji, ni mazuti inayoendesha kila kitu.

Hesabu yake si ngumu. Jenereta kubwa inakula karibu lita 1 kwa kila kilowati-saa 4. Jenereta zikitoa megawati 1 usiku na mchana, hiyo ni lita 6.000 kwa siku, maana yake mapipa 30 ya lita 200. Huu ni mfano tu, si hesabu ya Namoya, na hapo bado malori ya mawe, mashine za kutoboa na pampu. Hayo mafuta yote sherti yapite barabarani, yawekwe ndani ya matangi, na yabaki jirani na vijito vyenye watu wanachota maji.

Serikali inayahesabu mara nyingi. Sheria ya hidrokarburi, namba 15/012 ya tarehe 1 Agosti 2015, inataka ruhusa kwa kuingiza mafuta, kuyasafirisha, kuyaweka na kuyauza. Kwenye mpaka, DGDA inashugulika na ushuru, OCC inapima ubora na uzito. Kampuni ya madini ina jambo lingine tena: inaweza kulipa ushuru mudogo kwa vitu vya kazi yake, lakini vitu hivyo sherti viandikwe kwenye orodha inayokubaliwa na waziri wa Madini pamoja na waziri wa Feza. Mafuta yaliyoingia kwa njia hiyo ni ya kazi ya mgodi. Yakionekana sokoni ndani ya bidoni, kuna mtu wa kujibu.

Lakini daftari yenye kusaidia mkaaji zaidi ni ile ya tangi lenyewe. Ndani yake wanaandika mafuta yaliyokuwapo, wanaongeza yaliyoingia, wanatoa yaliyotumika, kisha wanapima kwa fimbo kama yale yaliyobaki yanalingana na hesabu. Tuseme mwezi ulianza na lita 40.000, zikaingia 90.000, zikatumika 85.000. Tangi lingepaswa kuwa na 45.000. Fimbo ikionyesha 42.500, lita 2.500 zimepotea. Wapo watakaosema ni joto na baridi. Kweli mazuti inapanuka ikipata joto na inajikunja ikipoa, lakini tofauti ya digrii 10 kwa lita 45.000 ni karibu lita 370, haifiki 2.500. Kwa hiyo, ama kipimo kilikosewa, ama mafuta yaliibiwa, ama yako ndani ya udongo yanatafuta njia ya kwenda majini. Ni kwa sababu hiyo daftari ya mafuta si kazi ya comptable peke yake.

Upande wa mazingira kuna karatasi ingine. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inasema mradi wowote wenye kuweza kuharibu mazingira sherti ufanyiwe kwanza uchunguzi wa madhara kwa mazingira na kwa watu, ule unaoitwa kwa kifupi EIES, pamoja na mpango wa kuyasimamia, PGES. Katika mambo ya madini, faili hiyo inachunguzwa na Shirika la Kongo la Mazingira, ACE, iliyoundwa na dekreti ya Novemba 2014, ikishirikiana na idara ya Madini yenye kulinda mazingira na Mfuko wa taifa wa maendeleo na huduma za jamii. Wakikubali, wanatoa cheti cha mazingira. Mpango nao haukubaliwi mara moja kwa maisha yote ya mgodi: unapaswa kurudiliwa kila miaka 5, ama mbele ya hapo kama kazi zimebadilika.

Kabla ya cheti, watu wanapaswa kusikilizwa. Hapa ndipo mambo mengi yanaharibika. Sheria ya 2011 inampa kila mtu haki ya kupata habari za mazingira na ya kushiriki wakati uamuzi unatayarishwa, na dekreti 14/019 ya tarehe 2 Agosti 2014 inapanga uchunguzi wa mbele ya watu wote. Mkutano ambamo wakubwa wachache wanaitwa, wanakunywa Fanta, wanaandika majina yao kwenye karatasi ya mahudhurio na kurudi nyumbani, huo unaacha saini tu. Kitabu cha kurasa mia kadhaa kwa Kifaransa hakimfikishii habari mama mwenye kulima kando ya kijito. Anahitaji kuelezwa kwa Kiswahili ama kwa luga ya kijiji, na apewe siku za kufikiri mbele ya kujibu.

Katika mkutano kama huo, maswali ya mafuta yanaweza kuwa ya moja kwa moja. Matangi yatakuwa wapi, na maji ya mvua ya fasi hiyo yanateremka upande gani? Tangi limezungushiwa ukuta? Desturi inayofuatwa katika nchi nyingi ni kwamba ukuta uweze kushika angalau asilimia 110 ya tangi kubwa zaidi lililo ndani yake. Mafuta machafu ya injini yanapelekwa wapi? Lori ikipinduka kwenye barabara ya Kasongo, nani anaitwa, na vijiji vinaambiwa baada ya saa ngapi? Majibu yakishaandikwa ndani ya PGES, yanakuwa ahadi ambayo serikali inaweza kuja kukagua.

Hapo zile karatasi mbili zinakutana. Kama mpango unasema mgodi utatumia kiasi fulani cha mazuti, na DGDA imeandika kimeingia mara mbili, basi moshi umeongezeka, malori yameongezeka, ama mafuta yanatoka kwa mlango mwingine. Kodi ya Madini ya 2002, jinsi ilivyogeuzwa kwa sheria 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, inasema katika kifungu 285 bis kwamba mwenye haki ya kuchimba anajibu kwa hasara iliyoletwa na kazi zake hata kama hakuna kosa wala uzembe. Mkaaji hana mzigo wa kuonyesha kwamba mtu fulani alilala kazini. Bado anapaswa kuonyesha hasara yenyewe na inakotoka, na daftari ya tangi ya mwezi ule inaweza kusema mengi kuliko mashahidi kumi.

Wachimbaji wadogo na wauzaji wa mafuta kwa chupa, wale wanaoitwa Kadhafi katika miji mingi ya Kongo, hawako nje ya jambo hili. Pampu na mashine za kusaga mawe zinamwaga mafuta pia, na mafuta machafu yakitupwa kijitoni hayachagui kama yalitoka kwa kampuni ama kwa kooperative. Tofauti ni ukubwa, na kwamba mchimbaji mdogo hana ofisi ya mazingira. SAEMAPE ndiyo idara ya serikali yenye kazi ya kumuongoza.

Septemba 2019 Banro ilitangaza kusimamisha kazi Namoya kwa sababu ya usalama. Vijana wengi walibaki bila mshahara, na swali lililozunguka mitaani lilikuwa moja: kampuni ikiondoka, nani anabaki na matangi, na udongo uliolowa, na yale malundo ya mawe yaliyonyunyiziwa sianidi? Jibu liko ndani ya sheria. Mwenye kununua haki ya kuchimba anabeba pia kazi za mazingira za yule aliyemtangulia. Kampuni inapaswa kuweka dhamana ya feza kwa kurekebisha ardhi. Na yule anayeondoka anahesabiwa kuwa huru tu akisha kupewa karatasi ya kumfungua kutoka kazi hizo, inayotolewa baada ya kukagua fasi yenyewe. Shirika la kiraia la Salamabila, chefu wa kijiji ama mkuu wa sekta anaweza kuandika barua kwa idara ya mazingira huko Kindu na kuomba kuonyeshwa hiyo karatasi, ama ripoti ya ukaguzi.